Wakuu, nyumba za zamani mjini zinanyofolewa kipande kipande na hakuna anayeshtuka

Wakuu, nimetoka Kisutu, hapa Dar, muda huu na hasira zimenijaa mpaka kichwa kinauma.

Kuna ghorofa la zamani ambalo nimepita chini ya roshani yake tangu nasoma shule ya msingi. Juu kabisa, kwenye paji la nyumba, waliandika kwa saruji mwaka wa kujengwa. Leo nimemkuta fundi kapanda jukwaani na tindo, anagonga tarakimu moja moja ili ukuta ulainike, bango la duka lipate kukaa. Nilipofika zilikuwa zimebaki mbili tu: 19. Chini mwenzake anakata kwa grinda zile kingo za chuma za roshani, zenye maua yaliyokunjwa kwa mkono, anazirushia kwenye guta. Nikamuuliza zinakwenda wapi. "Chuma chakavu, kaka. Wanapima kwa kilo."

Kwa kilo!

Fundi simlaumu, katumwa. Hasira zangu ni kwa aliyemtuma, na kwa wenye dhamana ya kulinda.

Nyumba ikivunjwa yote watu angalau wanapiga kelele. Hii ya kunyofoa inapita kimya: vioo vya rangi vinatoka, aluminiamu inaingia, tarazo inafunikwa vigae, na jengo bado limesimama, kwa hiyo wanasema lipo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sasa Dar hapa utayapata wapi? Hata Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine, la enzi za Sultani Majid, ni la 1866 hadi 1867. Mengine hayalindwi mpaka yatangazwe kwenye Gazeti la Serikali.

Lakini sheria hiyohiyo inataja milango ya mbao yenye nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Nyumba hii ya Kisutu ilikuwa na mlango wa namna hiyo mpaka mwaka jana, mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) umechongwa mnyororo toka juu mpaka chini, njumu za shaba zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Leo pana geti la kukunja. Nani alitoa kibali? Nimeuliza ofisi mbili, zote zimeniambia niandike barua.

Mwenye picha ya zamani ya mtaa ule aiweke hapa, tafadhali. Mimi kesho alfajiri nakwenda kuipiga picha hiyo 19 kabla fundi hajafika.