Tuzo na ruzuku za tiba ya uraibu: kwa mwanafunzi wa Mbeya zina faida gani?

MwanaTukuyu

Habari za humu wakuu. Nasoma udaktari hapa Mbeya, mwaka wa tano, karibu naingia intanishipu. Tangu nipite wadi ya magonjwa ya akili moyo wangu umeangukia tiba ya uraibu, yaani pombe na dawa za kulevya. Nyumbani hawajaafiki. Baba analima chai na ndizi, amenisomesha kwa shida, na anataka nije kuwa daktari wa upasuaji. Hataki kusikia mwanawe akiitwa "daktari wa walevi".

Sasa naona matangazo ya vyama vya madaktari wa akili vya nje, hasa Uingereza. Kuna tuzo za insha kwa wanafunzi wa udaktari na ruzuku za kuhudhuria mikutano yao. Pesa yenyewe si nyingi. Nauliza mambo mawili. Kwa nini watu watoe hela ili mwanafunzi apende fani fulani? Na mtu anayeishi kwa bumu la Bodi ya Mikopo akikesha kuandika insha ya namna hiyo, inamfikisha wapi? Naomba wenye uzoefu mnijibu.

Kabwe_Stendi

Mdogo wangu, soma masharti kwanza kabla ya kushika kalamu. Tuzo nyingi za wanafunzi za Royal College of Psychiatrists, chama cha madaktari wa akili cha Uingereza, zinataka uwe unasoma chuo cha Uingereza. Usikeshe kwa kitu ambacho mlango umefungwa. Na kuhusu fani, angalia penye ajira. Mzee amekusomesha, anategemea kitu.

Mbena_wa_Njombe

Kamwene mdogo wangu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, kwetu Njombe, kazi nafanyia Iringa. Kabwe amesema kweli kuhusu masharti, lakini swali lako la kwanza limebaki palepale, na ndilo lenye uzito.

Tuzo hizo zina historia. England, kuanzia Aprili 2013, fedha za huduma za pombe na dawa za kulevya zilipelekwa kwenye halmashauri. Halmashauri zikatangaza zabuni, huduma nyingi zikaangukia mikononi mwa mashirika yaliyo nje ya hospitali za umma, bajeti zikakatwa. Kliniki ikitoka hospitalini, daktari kijana naye anakosa mahali pa kujifunzia, kwa hiyo nafasi za kusomea ubingwa huo zikapungua mwaka hadi mwaka. Dame Carol Black, daktari aliyeombwa na serikali ya huko kuchunguza suala la dawa za kulevya, alipoikabidhi sehemu ya pili ya ripoti yake, Julai 2021, upungufu wa wataalamu ulikuwa kati ya mambo aliyoyaeleza bila kuficha. Huwezi kuchagua kazi ambayo hujawahi kuiona ikifanywa. Tuzo na ruzuku zimewekwa hapo ili mwanafunzi asogezwe karibu kabla hajaamua maisha yake.

Kwetu upungufu ni wa tangu mwanzo, na kliniki ni chache zaidi, kwa hiyo sababu ya kumsogeza mwanafunzi ni kubwa kuliko ya kwao.

Sasa faida kwako. Mimi niliandika insha ya mashindano nikiwa intanishipu. Sikupata tuzo. Ila ili niandike nililazimika kusoma nisivyowahi kusoma, nikamwomba mwalimu mmoja aipitie, na mwalimu huyohuyo ndiye aliyeniandikia barua nilipoomba MMed, yaani shahada ya ubingwa. Hela ya tuzo ingekwisha mwezi uleule.

Ukiandika, tafadhali usiandike kuhusu heroini ya Glasgow. Wanaoisoma wanaijua kuliko wewe. Andika usichoweza kukisoma kokote ila huku kwetu. Chukua dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) la kupima unywaji, AUDIT, lenye maswali 10. Swali la pili linataka idadi ya vinywaji kwa siku ya kunywa, na kinywaji kimoja wanakihesabu kuwa gramu 10 za alkoholi. Haya, nenda Kilolo au Mufindi msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukamuulize mzee "unakunywa vinywaji vingapi". Anakunywa kwa lita, na lita hiyo asubuhi ni mtogwa, tamu, watoto wanaionja. Kesho yake imechacha na ni kitu kingine kabisa. Tuseme imefika asilimia 5. Lita moja hapo ina karibu gramu 40, yaani vinywaji vinne. Mzee aliyekuambia "lita tatu tu" amekuambia kumi na viwili. Komoni ya kwenu Mbeya na kimpumu, pombe za nafaka, nazo vilevile, kila mpishi na ukali wake. Nani ametufanyia hesabu hiyo ili nesi wa zahanati aweze kuitumia? Hiyo ni insha, tena ni utafiti mzima.

Au andika kuhusu wadi ya mifupa. Dereva wa bodaboda kavunjika paja, kalazwa Jumatatu. Jumatano mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaona wadudu ukutani, anataka kushuka kitandani na mguu umefungwa uzito. Anafungwa kwa bandeji, anapimwa malaria, ndugu wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Kwenye faili hakuna aliyeandika anakunywa kiasi gani. Mwili umekatiwa pombe ghafla. Asipopata diazepamu anaweza kupata degedege, anaweza kufa. Na kama hakuwa akila vizuri, apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari. Hayo yote anayaweza daktari yeyote wa intanishipu aliyefundishwa, bila kungoja bingwa. Nimeyaona mara nyingi mno, na kila mara nauma meno.

Kwa baba yako, usibishane kuhusu mishahara. Muulize kwa heshima ni nani katika ukoo wenu aliyezikwa kwa sababu ya pombe. Kisha nyamaza umsikilize.

Sista_wa_Dirishani

Shikamoo dokta, na pole na kazi. Mwanangu MwanaTukuyu, mimi ni nesi, nimekaa sana kwenye dirisha la methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa walioacha heroini, hapa Mbeya. Muhimbili walianza Februari 2011, mikoa mingine tukafuata. Dozi inanywewa mbele yangu kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo, na akishakunywa namsemesha ili nijue amemeza. Wapo waliohama Tunduma wakapanga chumba huku ili wasikose siku hata moja. Watu mtaani wanawaita mateja. Mimi nawajua kwa majina yao, na wengi sasa wana kazi.

Nikueleze kwa nini tunahitaji daktari anayeipenda kazi hii. Mgonjwa ametulia vizuri, anagundulika ana TB, anaanza dawa. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, inalifanya ini limalize methadoni haraka. Siku chache baadaye arosto imerudi: miayo, mafua, tumbo linakata, usiku hajafumba jicho. Daktari wa zamu asiyejua anamwambia "wewe umerudia unga". Mgonjwa anaumia, anaondoka, na safari hii anaurudia kweli. Alichohitaji ni dozi kupandishwa. Hata baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi, zinafanya hivyohivyo. Na TB ikipona, rifampisini ikisimama, dozi inatakiwa iangaliwe tena ishushwe, maana ile kubwa inaweza kumlaza asiamke. Nikishamzoea daktari anayejua haya, anahamishwa.

Kwa hiyo mimi nasema ruzuku isingojwe London peke yake. Nauli ya basi ya mwanafunzi mmoja kutoka Iringa au Songea, chumba na chakula cha wiki nne akae nasi kliniki, hiyo nayo ni ruzuku. Madaktari waliosoma darasa moja wanachangia harusi kila mwezi. Hii wanaiweza.

Kabwe_Stendi

Sista umenigusa, sikulijua hilo la TB. Sisi tuna binamu yetu soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi, tumelipa ada kweli. Lakini swali langu halijajibiwa: akimaliza ataajiriwa wapi?

Mbena_wa_Njombe

Swali la haki. Kwanza asome MMed ya magonjwa ya akili. Muhimbili ni miaka mitatu. Wizara ya Afya ina ufadhili wa Samia wa kusomesha mabingwa, aombe huko mapema, na hapo ndipo barua ya mwalimu na insha vinapomsaidia. Hospitali za rufaa za mikoa zinahitaji daktari wa akili, na robo ya kazi yake itakuwa pombe atake asitake; kwangu ni zaidi ya robo. Kuhusu uraibu wenyewe, International Society of Addiction Medicine, chama kilichoanza 1999, kina mtihani wake wa kimataifa, si wa taifa moja. Na kabla ya yote, mwongozo wa mhGAP wa WHO, wa kutibu magonjwa ya akili kwa wasio mabingwa, uko bure mtandaoni, sura ya pombe na dawa za kulevya aisome wiki hii.

Kwenye masharti ya ruzuku yoyote, MwanaTukuyu, tafuta vitu vitatu: chuo chako kinakubalika, kuna punguzo la ada kwa nchi zenye kipato kidogo, na unaweza kuwasilisha bango la utafiti wako kwa njia ya mtandao. Kisichoeleweka waandikie barua pepe. Wanajibu.

MwanaTukuyu

Ndaga fijo nyote. Jana jioni nilimpigia baba nikamuuliza kama dokta alivyonielekeza. Alinitajia watu wawili, mmoja ni mdogo wake wa tumbo moja ambaye nilikuwa naambiwa alikufa kwa ini tu. Tuliongea mpaka salio likakata. Hajasema ndiyo, ila ameniuliza hiyo kozi inaanza lini.

Insha nitaandika ya vipimo vya pombe za kienyeji, nitaanza na kimpumu kwa sababu shangazi yangu anakipika na ninaweza kupima siku kwa siku. Dokta, naomba nikutumie rasimu. Sista, likizo ya mwezi ujao naweza kuja kukaa nanyi wiki mbili? Barua niipitishe wapi?

Sista_wa_Dirishani

Ipitie kwa mkuu wa idara yako, yeye aiandikie hospitali, nasi tutaletewa. Uje asubuhi na mapema, kabla foleni haijawa ndefu, maana wenye vibarua wanakunywa dozi wakiwahi kazini na hao ndio watakaokueleza mengi. Daftari njoo nalo, lakini siku ya kwanza usiandike mbele yao.