Tupeane uzoefu: ni sanaa gani uliyothubutu kuifanya, na mtaani kulibadilika nini?

Mwana Dunda

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa kijiweni Magomeni, hapa Bagamoyo, jamaa mmoja akasema wasanii kazi yao kuchekesha tu, chuo cha sanaa kikifungwa kesho hatalala njaa mtu yeyote isipokuwa walimu wake. Watu wakacheka. Mimi nilisoma pale, na sikuwa na jibu la haraka. Nikamaliza kahawa yangu, nikaondoka. Jibu lilinijia njiani, kama kawaida yake, wakati wa kulitoa umeshapita. Ndiyo maana ya uzi huu.

Sitaki nadharia. Leta ulichokifanya wewe: ngoma, igizo, mchoro, shairi, hata kama kilikushinda. Ulithubutu nini, ulikuwa unatafuta kujua nini, na waliokuzunguka walipata nini. Naanza mimi.

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kutunga igizo la kupeleka mtaani. Kundi letu likachagua uvuvi wa mabomu. Mtu wa mwambao haambiwi kwamba ni kosa, Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeshasema, na mlio wake tunaujua asubuhi bahari ikiwa shwari. Igizo tuliliandika kwa siku moja: mvuvi mbaya, afisa mzuri, pingu, makofi. Mwalimu alilisoma lote akaturudishia bila kuweka hata alama ya kalamu. Akauliza, "Mmeongea na nani?"

Hatukuwa tumeongea na mtu.

Tukashuka soko la samaki. Wiki ya kwanza hatukuambulia kitu, tulidhaniwa wapelelezi. Nani atakusimulia habari za baruti na wewe umeshika daftari? Tukaacha madaftari nyumbani, tukawa tunabeba ndoo za maji na kupaa samaki. Ndipo mama mmoja mchuuzi, mtu mzima, akaniita. "Njoo, mwanangu, wewe unayetaka kujua."

Mbele yake kulikuwa na changu wawili, ukiwatazama ni mapacha. Akambonyeza wa kwanza kwa kidole gumba, nyama ikarudi. Akambonyeza wa pili, kidole kikaacha shimo. Kisha akampasua yule wa pili. Uti wa mgongo ulikuwa umeachana katikati, damu imevilia kandokando ya mfupa, matumbo yamekuwa uji. Nje ana magamba yake yote na macho yanang'aa. "Huyu hafiki magharibi," akasema, "na nimemnunua bei ileile ya mwenzake, maana mnadani hakuna atakayekuruhusu upasue kwanza."

Igizo la pingu tukalitupa. Jipya lilikuwa la mwanamke mchuuzi ambaye mtaji wake unamwozea kwenye beseni kila siku, maana samaki anaoletewa ni wa bomu, na anayewaleta ni mwanawe wa kumzaa. Tukalicheza palepale sokoni, bila jukwaa. Tulipofika mama anapogundua, tukasimama, tukawageukia watazamaji: afanyeje?

Mbinu hiyo si yetu. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa na wanakijiji Malya kule Mwanza, baadaye na Msoga ya huku kwetu, wakawa wanachunguza nao na kutunga nao, na igizo likiisha mjadala ndiyo unaanza. Sisi tuliiga tu.

Watu kimya. Halafu mzee mmoja wa ngalawa akainuka, akaingia katikati, akamvua mwenzetu kanga, akajitanda yeye, akawa ndiye mama. Soko zima likavunjika mbavu. Lakini maneno aliyomwambia yule "mwana" yalikata kicheko: "Mwamba uliouvunja ndio uliokunyonyesha. Baba yako aliniachia mwamba, hakuniachia nyumba."

Sitawadanganya kwamba mabomu yalikoma. Kilichofuata kilikuwa kidogo: wachuuzi wanawake wakaanza kubonyeza samaki mnadani hadharani, na kumkataa asiyerudisha nyama. Madalali walinuna sana. Mama yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuninunia mimi pia, maana siri yake ya kazi sasa ilikuwa ya soko zima.

Karibuni.

Nuksi75

Mkuu, hapo kwa mzee kujitanda kanga nimecheka peke yangu kwenye daladala, abiria wananitazama. Nakaa hapa nasubiri za wengine, mimi sanaa yangu ni kupiga miluzi.

Binti wa Kikwere

Shikamooni wakubwa. Yangu ni ya ngoma.

Kwetu nilikua naambiwa mwanamke ataimba, atacheza, atapiga vigelegele hadi sauti ikauke, ila ngoma yenyewe haigusi. Nikiuliza kwa nini, jibu ni "mila". Nikiuliza mila ya nani, jibu ni kofi. Nilikuwa napiga ndoo nyuma ya jiko bibi akiwa shamba.

Nilipopata nafasi ya kusoma sanaa, mwezi wa kwanza tukaonyeshwa muheme, ngoma ya Wagogo. Waliouleta muziki wa Kigogo Bagamoyo wengi mnawajua, marehemu Hukwe Zawose na ukoo wake. Mimi nilimjua Zawose kwa ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze, sikujua kuna muheme. Wakaingia akina mama, kila mmoja kabana ngoma katikati ya mapaja, wakaanza. Wapigaji ni wanawake! Wanaume wako pembeni. Nilikaa pale nimeshika mdomo. Kumbe umbali wa Bagamoyo hadi Dodoma tu, ile "mila" inageuka upande wa pili.

Nikarudi nyumbani likizo nikamweleza bibi. Alinyamaza muda, akachambua mchele wake, kisha akauliza, "Na mikono haiwaumi?" Hilo tu. Kesho yake nikapiga uani na hakuna aliyenipiga kofi.

Sasa, mleta uzi ameuliza waliokuzunguka walipata nini. Nafundisha watoto wa mtaani kwetu Jumamosi, wavulana kwa wasichana. Kuna mtoto mmoja wa jirani, kiziwi wa kuzaliwa, alikuwa anachungulia kwenye uwazi wa makuti. Nyumbani kwao alikuwa hatoki, wazazi waliona aibu, na wengine tulishazoea kutomwona. Mimi kilichonituma si huruma, msije mkaniona malaika. Nilitaka kujua. Nilijiuliza ngoma kubwa inayotikisa kifua changu, yeye itamfanyaje?

Nikamwita, nikamsimamisha ameegemea ngoma kwa tumbo, viganja viwili ubavuni mwa mzinga. Nikapiga pigo moja. Akaruka nyuma kama aliyeunguzwa. Akarudi mwenyewe. Nikapiga tena, akafumba macho. Baada ya nusu saa hivi alikuwa ananipiga begani kwa mapigo yaleyale niliyopiga mimi, na alikuwa hayakosei kama wanavyoyakosea wanaosikia, kwa sababu hasikii kelele za wenzake.

Ana miaka kumi na tatu sasa, ndiye anayeshika ngoma kubwa. Watoto wenzake walilazimika kujifunza ishara ili waelewane naye: anza, polepole, acha, njoo. Wakazipeleka dukani, msikitini, kisimani. Mwenye duka sasa anamuuzia sukari bila mtu wa kumsindikiza. Mama yake humtuma.

Mwana Dunda

Dada, hapo kwa "mikono haiwaumi?" bibi kamaliza kesi. Hakimu mzuri.

Mtu wa Makorora

Mimi wa Tanga, naomba niwaharibie sherehe kidogo, maana mkuu umesema hata kilichokushinda.

Tuna kikundi cha maigizo. Sisi watu wa Tanga sanaa tumezaliwa nayo, mji uliotoa vikundi vya taarabu Black Star na Lucky Star na kumpaza mwimbaji marehemu Shakila hauwezi kukosa vikundi. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja, jina nalihifadhi, likatupa kazi ya igizo la malaria kwenye kijiji cha wavuvi. Maneno tulipewa yameshaandikwa. Hata kicheko kiliandikwa: "hapa watazamaji watacheka". Mhusika mkuu mjinga hataki kulala kwenye chandarua, mtoto anaumwa, mganga wa kienyeji, hospitali, anajuta. Posho nzuri, usafiri, fulana.

Mwenzangu mmoja aliuliza kama tunaweza kwenda siku moja kabla tukae na watu. Akaambiwa bajeti haina siku hiyo. Na mimi, niseme ukweli, niliogopa posho isipotee, nikamkanyaga mguu anyamaze.

Tukacheza. Watazamaji walicheka kweli, lakini si palipoandikwa. Walicheka kila tulipotaja chandarua. Baadaye nikiwa navua vazi, kijana mmoja akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha. Vyandarua vilikuwepo, tena vingi. Kimoja kimezungushiwa miche ya mchicha kuku wasile. Kingine akina mama wanatandia uduvi. Nikamuuliza kwa nini hamlali humo? Akaniingiza ndani. Chumba dirisha ni la kiganja, paa la bati, watu watano. Nikakaa dakika mbili, jasho likanitoka hadi kwenye nyusi. "Ukiweka na chandarua hapa," akasema, "unapika."

Kwa hiyo wale hawakuwa wajinga tuliokwenda kuwaigiza. Walikuwa na hoja ya dirisha. Tungeuliza siku moja kabla, pengine igizo lingekuwa la fundi na dirisha, na mwenyekiti wa kijiji angekuwa na kazi ya kufanya kesho yake. Tulirudi mjini na fulana zetu. Yangu napigia deki.

Nuksi75

Ulimkanyaga mguu mwenzio 😂 Mkuu umekuwa mkweli kupita kiasi.

Mtu wa Makorora

Na alikuwa amevaa kandambili.

Fundi Rangi

Mimi ni mchoraji, naongea kidogo.

Wengi wetu hapa Bagamoyo tunachora kinachouzika: twiga, mbuyu, Mmasai na mkuki, mlima una theluji. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 kule Dar es Salaam kuchora kwa rangi za mafuta za dukani juu ya ubao, hakuna aliyekuwa anafanya vile. Sisi tumeshika twiga wake tukaacha uthubutu wake. Naongea na mimi nikiwemo, twiga ndio waliosomesha wanangu.

Mwaka mmoja masika yalikatisha wageni, sikuwa na mteja. Nikachukua kigoda nikakaa mbele ya nyumba moja kuukuu mji mkongwe, ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, nikachora mlango. Mlango mtupu. Wenzangu wakanisanifu: nani atanunua mlango asioweza kuupitia? Nikauchora siku nne. Ukiukaribia mlango wa nakshi ndiyo unaona mambo: mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, samaki chini, na mahali ambapo mchongaji alikosea hesabu, ua moja limebanwa likatoka nusu. Nikalichora na kosa lake.

Picha haikununuliwa. Nikaiegemeza ukutani kwangu, ikakaa miaka.

Mvua za mwaka mwingine ukuta wa mbele wa ile nyumba ukashuka usiku. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Mlango ulivunjika vipande, na vingine vikabebwa na watu kwa kuni kabla ya mchana. Familia walipotaka kujenga upya, picha waliyokuwa nayo ni moja ya harusi, bwana harusi kasimama mbele ya mlango na bega lake limeziba nakshi yote. Mtoto wao mmoja akakumbuka kuna jamaa aliyekaa hapo na kigoda. Fundi seremala alikuja kwangu na tepu, akapima mchoro, akahesabu maua. Akaniuliza, "Hili nusu niliweke zima?" Nikamwambia muulize mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema liache nusu.

Vijana wawili waliomsaidia yule fundi sasa wanachonga wenyewe. Bado nachora twiga, lakini kila mwezi mlango mmoja. Ninayo thelathini na kitu.

Mzee wa Nianjema

Wanangu, mmenikumbusha mwaka 2002 ukumbi wa chuo ulipoungua. Mimi nilikuwa nauza madafu jirani. Kabla ya hapo nimewauzia wasanii miaka na miaka na sijawahi kuingia ndani hata siku moja, niliona ni pa wageni na wasomi. Baada ya moto nikawa nawaona wanafanyia mazoezi nje, mchangani. Ndiyo mara ya kwanza nikaona sarakasi, mtu kasimama juu ya mabega ya mwenzake na wa tatu juu yake. Nikaacha madafu yangu yakaibwa mawili.

Siku moja nikamwambia kijana mmoja, wewe unapoigiza mlevi unakosea, mlevi hapepesuki hivyo, mlevi anajitahidi asipepesuke. Akanivuta katikati, "Mzee, tuonyeshe." Nikaonyesha. Tangu siku hiyo wananiita mwalimu. Ukumbi mpya ulipokuja nikaingia bila kuogopa, nikakaa mbele.

Mwana Dunda

Mzee wetu shikamoo. Yule kijana aliyekuvuta katikati simtaji, ila madafu mawili yale nadhani ninajua alikokwenda nayo.

Fundi Rangi, hiyo milango thelathini na kitu naomba tuione. Yule jamaa wa kijiweni nitamleta nikimwambia kuna kahawa.

Fundi Rangi

Njooni. Ila leteni viti, kwangu kipo kigoda kimoja.

Binti wa Kikwere

Ikiwa ni Jumamosi, fanyeni kabla ya saa kumi, baada ya hapo tupo mazoezini. Na mkifika mkakuta ngoma kubwa haina mtu, msiiguse. Mwenyewe ametumwa sukari, anarudi.