Lushoto kwenda na kurudi siku moja, yawezekana? Ushauri tafadhali

KijanaWaLikoni: Asalaam aleikum. Mie mgeni, tumevuka Horohoro juzi kuja harusini hapa Tanga, Jumatatu twarudi Mombasa. Jumamosi niko huru, nataka niende Lushoto nirudi siku hiyo hiyo. Nitoke saa ngapi? Na Soni iko kabla ya kufika Lushoto ama ni mbele yake? Nijibuni upesi, sina usingizi.

MtotoWaChuda: Waaleikum salaam, karibu. Toka saa kumi na moja alfajiri. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu unaiacha barabara kuu unapanda kilomita 33. Soni utaikuta njiani, maporomoko yake unayaona. Ukifika Lushoto usikose Irente. Unasimama ukingoni, Mazinde iko chini huko, nyumba kama punje za mchele.

BiMkubwa_Ngamiani: Mimi kona za Soni nilitapika mpaka chai ya jana. Mume wangu, wakati huo mchumba, akanishikia rambo bila kukunja uso. Hapo ndipo nikasema huyu atanifaa.

DerevaMstaafu: Lushoto tu ndiyo ikunyime usingizi? Mko wangapi, na gari gani?

KijanaWaLikoni: Gari dogo la kukodi, dereva nishampa nusu. Ni mie na nyanya tu.

Kachori: Nyanya? Unapeleka nyanya Lushoto, ndiko zinakotoka! Peleka ngisi, utarudi tajiri.

KijanaWaLikoni: Nyanya mzaa mama! Nyie mwaita bibi. Ana miaka 81.

DerevaMstaafu: Ahaa. Na afya yake?

KijanaWaLikoni: Ana presha, na goti la kushoto halikunjiki vizuri. Lakini dawa anameza bila kukosa, na ulimi wake mzima kuliko wangu. Kazaliwa Soni, kaondoka msichana, kaolewa kwetu Likoni, hajarudi tena. Yeye ndiye anayenisukuma. Mama nimemwambia twaenda Ngamiani kununua leso.

BiMkubwa_Ngamiani: Leso gani za alfajiri mpaka magharibi? Mwanangu, mwambie mama yako. Likimpata jambo bibi huko juu, harusi ya Jumapili itageuka matanga, na radhi utaitafuta kwa tochi.

KijanaWaLikoni: Atakataa. Keshakataa mara mbili. Na pesa ya gari hairudi.

Kachori: Basi mpeleke Magoroto, hapo Muheza tu. Msitu upo, ziwa lipo.

KijanaWaLikoni: Nyanya hakuzaliwa Magoroto.

MsambaaHalisi: Jamani mnachezewa. Anatuuliza sisi Soni iko wapi, na mzaliwa wa Soni yuko naye nyumba moja? Si amuulize! Hadithi ya kutunga hii, kesho ataomba nauli.

KijanaWaLikoni: Sijaomba hata shilingi. Nimemuuliza. Anachokumbuka ni stesheni ya Mombo, na kwamba walishuka mlima kwa miguu, mamake kamfungia viazi kwenye jani la mgomba. Barabara ya magari haijui.

MsambaaHalisi: Viazi hata mimi naweza kuvitunga. Mwambie hivi: "Onga mshi." Kisha lete jibu hapa.

Kachori: Nimevuta kiti, kahawa iko mkononi.

DerevaMstaafu: Nyie pimaneni. Mimi nasema bibi akae mbele, si nyuma. Asubuhi ale kidogo, abebe sweta. Msimame Segera, msimame Mombo, anyooshe goti kabla ya kona. Na dereva akikimbiza, mshusheni yeye. Mama aambiwe, hata kama ni kwa simu mkishapita Korogwe.

BiMkubwa_Ngamiani: We mzee unamfundisha mtoto uongo wa kilomita!

KijanaWaLikoni: Samahani, alikuwa akiswali. Nimemwambia hayo maneno. Kanyamaza, kanishika kidevu, kisha kanimiminia Kisambaa sijaelewa hata neno. Sasa anataka simu yangu. Anauliza huyo aliyemsalimu ni mtoto wa nani, na wa mlima upi.

MsambaaHalisi: Wa Mlalo. Mpe simu.

BiMkubwa_Ngamiani: Na mama yako je?

KijanaWaLikoni: Kasimama mlangoni. Auliza kelele ni za nini.