Eti Watoto Ndio Wanaokimbia Mno

Mzee wa Filimbi (mfungua uzi):

Ndugu zangu, nimefika nyumbani Bombo sasa hivi, sijanywa hata chai, na ninaandika huku mkono ukitetemeka kwa hasira, wala si kwa uzee kama atakavyodai yule bwana muuza lenzi. Sitamtaja. Kila aliyewahi kutafuta lenzi mjini Kampala amepanda zile ngazi, akawapita mafundi wa simu, akamkuta nyuma ya kabati la vioo akila rolex, ile chapati ya kukunjiwa mayai, na kushika lenzi za watu kwa vidole vile vile.

Mwezi uliopita nilimweleza shida yangu kwa utaratibu, kama mtu anavyomweleza daktari: nina mjukuu anayecheza raga shuleni, napenda ndege, na lenzi ndogo iliyokuja na kamera humfanya mjukuu aonekane kama siafu aliyevaa jezi. Wakati huo nilikuwa nimeishika lenzi ya milimita 70 hadi 200, ile ambayo tundu lake la mwanga hufunguka kwa upana wa f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Aliichukua mkononi mwangu polepole, akaifunika kifuniko chake, akanipa ya 75 hadi 300 isiyo na kitulizi cha mtikisiko, huku alama ya dole gumba lake ikimeremeta kwa mafuta juu ya kioo cha mbele, akasema kwamba 300 ni kubwa kuliko 200 na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Nikalipa. Hapo ujinga ni wangu, nakubali.

Jumamosi mechi ilianza saa kumi na moja jioni chini ya mawingu mazito. Nilipiga picha 412, na iliyotoka safi ni ya nguzo ya goli peke yake, kwa kuwa nguzo ni chuma na haikuwa na haraka. Mjukuu alifunga mbele ya macho yangu, nami nilichonacho ni ukungu wa rangi ya bluu unaoelekea kona.

Leo nimempelekea kadi ya kamera. Amezitazama picha tatu, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na mbele ya wateja wanne na kijana wa chai akatamka: "Mzee, lenzi haina kosa lolote. Watoto ndio wanaokimbia mno." Wanaokimbia mno! Kwenye raga! Alitaka wafanye nini, wakae kwenye viti kama wageni wa harusi? Kijana wa chai alicheka hadi akamwaga chai. Nimeteremka ngazi zote nikiisikia sentensi hiyo, nimepanda teksi ya Bombo nikiisikia, na kondakta aliponidai nauli nilimjibu kwamba watoto ndio wanaokimbia mno.

Binti Kisiwa:

Shikamoo mzee, na pole sana. Kabla hatujafika mbali, je, umekwisha kumwona mwalimu wa michezo ili awaombe watoto wapunguze mwendo?

Kasi Elfu:

Shikamoo mzee. Linaloniuma ni kwamba yule bwana, pamoja na vidole vyake, amesema nusu ya kweli. Lenzi yako ukiivuta hadi 300 hufunguka kufikia f/5.6 tu, yaani hupitisha robo ya mwanga ambao ile aliyoifunika ingeupitisha, na mchezaji anayekimbia hutaka kasi ya kufyatua ya karibu 1/1000 ya sekunde ndipo atulie kwenye picha. Kitulizi nacho kisingekuokoa, kwa maana hutuliza mikono yako, hakimtulizi mjukuu. Kamera iliandika kasi gani, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, uliiweka ngapi?

Mzee wa Filimbi:

Iliandika 1/125, na ISO niliiacha 400, kwa sababu ni yeye huyo aliyeniambia kwamba ikizidi hapo picha hujaa chengachenga. Lakini hilo silo suala. Suala ni kijana wa chai. Aliimwaga, ndugu zangu, sakafuni.

Kasi Elfu:

Mia nne, jioni, chini ya mawingu. Mzee, sasa hata mimi nimemwaga yangu. Ungepandisha hadi 3200 ungepata kasi mara nane, na hiyo 1/125 ingekuwa 1/1000. Chengachenga husameheka, ukungu hausameheki. Safari ijayo simama nyuma ya mstari wa goli, watoto wakukimbilie wewe badala ya kukukimbia.

Binti Kisiwa:

Wakimkimbilia mno je?

Mama wa Entebbe:

Nyinyi mna bahati kuliko mimi. Mimi bwana yule aliniuzia 150 hadi 600 iliyotumika, akaapa kwamba mwenyewe wa kwanza aliipigia picha za harusi mbili tu, nami kwa furaha yangu sikujiuliza ni harusi gani hupigwa picha kwa milimita 600, labda bwana harusi alikuwa ng'ambo ya ziwa. Nilipofika nyumbani nikaimulika kwa tochi kutoka nyuma, nikakuta kuvu imetandaza nyuzi ndani ya kioo kama utando wa buibui. Unyevu wa huku hauna huruma. Tangu siku hiyo lenzi zangu hulala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, na mume wangu hulalamika kwamba lenzi zinalala pakavu kuliko yeye.

Jicho la Kazinga:

Afadhali kuvu, haina miguu. Malalamiko yangu ni juu ya hao wenye 600. Juzi tulikuwa kwenye kinamasi cha Mabamba, watu watatu na mwongozaji ndani ya mtumbwi mmoja, na yule ndege mwenye domo kama kiatu alikuwa amesimama mbele yetu akimvizia samaki aina ya kamongo kwa dakika arobaini bila hata kupepesa. Jamaa mmoja akasimama na lenzi yake ya kilo mbili, mtumbwi ukayumba, ndege akaruka. Ndege mtulivu namna ile humpati kwa kusimama, na 100 hadi 400 ingetosha kabisa, tena ukiwa umeketi.

Tele Tatu:

Jamaa huyo ni mimi, na sikusimama, niliinuka kidogo. Aidha, 400 haitoshi kwa ndege.

Jicho la Kazinga:

Kwenye kamera yenye kihisi kidogo, kinachovuta picha karibu mara 1.6, hiyo 400 hukupa mwono wa 640. Wewe na 600 yako ulikwenda mbuga ya Queen Elizabeth saa saba mchana, ukatuletea simba aliyeonekana kama amechorwa juu ya maji. Ule ni mvuke wa joto la ardhi, na hakuna lenzi inayoutibu. Ni kuamka mapema, au kusogea karibu.

Mzee wa Filimbi:

Naomba turejee kwenye suala la watoto.

Tele Tatu:

Simba alikuwa mbali. Na kuhusu mtumbwi, mwongozaji mwenyewe alisema ndege angeruka tu.

Mama wa Entebbe:

Hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa tatu, na maji yaliingia kwenye begi langu.

Binti Kisiwa:

Pamoja na kuvu?

Jicho la Kazinga:

Jumapili tunarudi Mabamba alfajiri. Mtumbwi umebaki na nafasi moja, na mwenye tabia ya kuinuka kidogo asijisumbue kuiomba.

Mzee wa Filimbi:

Nafasi hiyo naiomba mimi. Huyo ndege, dakika arobaini kweli?