Wakuu, emalsheni yangu ya sindano inatoa mafuta juu, nisaidieni kabla ya Jumatatu

Mwanamaabara: Habari za usiku wakuu. Nipo mwaka wa mwisho wa uzamili wa famasia, Dar. Natengeneza emalsheni, yaani matone madogo ya mafuta ndani ya maji, ya kubebea dawa ya kuchoma mshipani: mafuta ya soya 10%, lesithini ya mayai (ya kuzuia mafuta yasijitenge na maji) 1.2%. Ikitoka kwenye homojenaiza, mashine ya kusaga matone, ni nyeupe kama tui la kwanza. Naiweka otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) nyuzi 121 dakika 15, ikipoa nakuta macho ya mafuta yanaelea. Mara ya nne hii. Usingizi sina. Tatizo ni lesithini?

Mama Wodini: Pole mwanangu. Mimi ni muuguzi wa usingizi, na dawa ya usingizi tunayotumia, propofoli, nayo imebebwa na mafuta ya soya. Siku moja mwenzangu aliichanganya na lignokeini, dawa ya ganzi, ili isiume, ikaja dharura, bomba la sindano likalala mezani masaa mengi. Kurudi, mafuta yamejitenga. Tangu hapo hatuweki kiporo.

Kibuyu: Mke wangu anauza chipsi, mayonezi yake haijawahi kukatika. Mimina mafuta polepole 😄

Fundi wa Dozi: Mayonezi haiingii mshipani. Mkuu, kwenye maji umeweka nini ili yalingane na damu?

Mwanamaabara: Vya kawaida tu mkuu. pH ni 8.

Fundi wa Dozi: Vya kawaida vipi? Vitaje.

Mwanamaabara: Gliseroli iliisha, nikaweka chumvi 0.9%. Lakini si dripu za chumvi watu wanatundikiwa kila siku? Sungura wameshatengwa, Jumatatu nachoma. Nafikiria nifyonze ya chini tu, ya juu niiache.

Fundi wa Dozi: Dripu ya chumvi haina matone ya kulinda. Yako yanayo: lesithini imeyavika chaji hasi, ndiyo maana yanasukumana. Chumvi inaififisha hiyo chaji, joto la otoklevu linayagonganisha, yanaungana. Gliseroli 2.25% haina ioni (chembe zenye chaji) kama chumvi, kwa hiyo haigusi chaji. Kalsiamu ndiyo balaa zaidi. Na ya chini usiichome! Famakopia ya Marekani, kitabu chao cha viwango vya dawa, inataka wastani wa tone usizidi nanomita 500, na mafuta yaliyo kwenye matone ya kupita mikroni 5 yasifike 0.05%. Makubwa yanaziba mishipa midogo ya mapafu.

Mja wa Mungu: Sungura nao wana roho. Kijana, usiwatese kwa haraka zako.

Kiboko ya Chai: Hii chai. Mtu ana homojenaiza ya maabara halafu akose gliseroli, inayouzwa hadi duka la vipodozi? Weka picha.

Mwanamaabara: Ya vipodozi si ya kuingiza kwenye damu mkuu. Homojenaiza ni ya idara, zamu yangu usiku, na simu hairuhusiwi humo ndani. Ila chupa ninayo hapa. Nikiiinamisha, inabaki pete ya njano imeng'ang'ania shingoni.

Mama Wodini: Namwamini. Pete hiyo ndiyo niliyoiona kwenye bomba. Mwanangu, mwambie msimamizi wako kesho asubuhi.

Mwanamaabara: Mama, msimamizi ndiye aliyesema tuweke chumvi.

Fundi wa Dozi: Kumbe. Ninayo gliseroli ya daraja la sindano, njoo inboksi. Tengeneza chupa mbili, ya chumvi na ya gliseroli, zipike pamoja, umpelekee zote mbili azitazame mwenyewe. Sungura wasubiri.