Mzigo wa majani: bei ifuate ukubwa au umri?

Mfugaji, Pongwe: Nianze mimi, maana nimeumia. Sisi tunaofungia ng'ombe bandani hapa Tanga tunanunua majani kwa mzigo wa baiskeli. Mzigo mkubwa, bei kubwa. Naona tunalipia vijiti. Mabingobingo, haya majani marefu tunayolishia, yakishapita kimo cha mtu, uzito mwingi uko kwenye shina, na shina lililokomaa limejaa lignini, ile inayoupa mti ugumu. Vijidudu vya tumboni haviiwezi, na mbaya zaidi inavizuia visifikie nyuzinyuzi ambazo vingezimeng'enya. Ng'ombe anashiba, anacheua kutwa, ndoo haijai. Bei ifuate umri wa majani.

Mkata majani, Mabokweni: Ndugu, umewahi kukata wewe? Majani ya wiki sita hayajazi baiskeli, na ninyi wateja ndio wa kwanza kulalamika mzigo ukiwa mdogo. Halafu Januari na Februari, jua lile, hayo machanga nitayatoa wapi? Yakate vipande vidogo kwa panga, atakula yote.

Mama mfugaji, Muheza: Atakula yote, ndiyo, kwa kuwa umemnyima nafasi ya kuchagua jani na kuacha shina! Panga haliondoi lignini, kaka yangu.

Ila wa Pongwe naye asitudanganye kwamba uchanga unamaliza kila kitu. Nyasi za nchi za joto, hata zikiwa changa, jani lake lina seli zenye kuta nene zinazozunguka mishipa. Ndizo zinazozisaidia kustawi kwenye jua kali, lakini humeng'enywa polepole. Zikilinganishwa na nyasi za nchi za baridi, umeng'enywaji wake kwa wastani uko chini kwa pointi kama 13 za asilimia. Na protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vyenyewe vinakosa chakula, ng'ombe anapunguza kula. Hapo mimi huchanganya majani ya lusina, mti wa malisho wenye protini nyingi. Kiasi tu, maana yakizidi yana sumu yake.

Mfugaji, Pongwe: Lusina nakubali, ninayo uani. Lakini bado sijajibiwa kuhusu bei. Mkataji, ukiniletea ya kimo cha kiuno, nitakulipa mzigo mdogo kwa bei ya mkubwa. Unasemaje?

Mkata majani, Mabokweni: Masika ikianza, sawa. Na majirani zako nao walipe hivyo hivyo, nisije nikakukatia wewe peke yako.