Kipoza hewa cha mezani kitafaa kwenye kibanda cha bati? Niko Mbagala

WakalaRangiTatu
Wakuu habari za muda huu. Nina kibanda cha uwakala hapa Mbagala Rangi Tatu, bati juu mpaka chini, mita moja na nusu kwa mbili. Humo ndani niko mimi, simu za mitandao yote, mashine ya risiti na droo ya hela. Ikifika saa tano asubuhi hapakaliki. Dirisha la wateja ni dogo na lina nondo, mlango siwezi kuuacha wazi, hela za watu mnajua wenyewe.

Sasa mtandaoni wanatembeza vile viboksi vya mezani: unatia maji au barafu, unachomeka kwenye pawa benki, kinapuliza. Muuzaji anataka 48,000 na anaapa kuwa ni kiyoyozi cha kubeba. Kabla sijatoa hela, kuna aliyetumia? Feni ninayo ila inapuliza moto. Umeme naunga kwa mwenye duka la nyuma, tunachangia LUKU.

Chali_wa_Dom
Chukua mkuu, usisikilize wakatisha tamaa. Mimi nina steshenari hapa Dodoma, chumba kidogo tu, na ninacho mezani tangu mwaka jana. Mwezi wa kumi mchana ukikaa mbele yake unasahau kama nje kuna jua. Maji ya bomba tu, wala barafu situmii.

MamaMapazia
Chali, Dodoma si Dar. Mimi ni fundi cherehani Temeke, ninacho na nimekigeuza cha kuwekea nyuzi. Siku ya kwanza nilifurahi, nikafunga na dirisha ili baridi isitoke. Saa moja baadaye karatasi za patani zimelegea kama zimenyeshewa, na mimi nachuruzika. Joto lilikuwa lile lile, ila sasa lilikuwa na jasho.

Kijiwe_Nongwa
Mkuu geuza biashara, anza kuuza barafu, utakaa kwenye deli mchana kutwa.

FundiBaridi
Hawa wawili wote wanasema kweli, ngoja nieleze. Kile kifaa hakina kompresa wala gesi. Ni feni ndogo inayopuliza hewa kupitia sponji lenye maji. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto kutoka kwenye hewa, ndiyo kanuni ya mtungi wa udongo. Lakini mvuke unahitaji hewa kavu ya kuupokea, na hewa ya pwani imeshashiba.

Chukua hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu asilimia 35, hali ambayo Dodoma ya kiangazi inaijua. Maji yakifanya kazi yote yanaweza kuishusha hadi karibu nyuzi 20. Sasa chukua nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, ndiyo Dar yetu ya mwezi wa pili. Hapo mwisho ni nyuzi 27 na nusu hivi, na huo ni mwisho wa kwenye hesabu. Kiboksi cha 48,000 hakifiki hata karibu. Tena ukifunga chumba, mvuke unajaa na kazi inakwama, ndicho kilichompata MamaMapazia. Hata Dodoma, Chali, acha dirisha wazi, kitafanya kazi vizuri zaidi.

Mswahili_Maskati
Nathibitisha kutoka huku Oman. Hapa Maskati wakati wa kiangazi bahari inatoa unyevu, mashine za maji hazisaidii kitu, watu ni viyoyozi tu. Ukipanda bara kama Nizwa ambako hewa ni kavu, yale makubwa ya kuweka nje ya dirisha yanapuliza vizuri sana. Nchi moja, hewa mbili.

WakalaRangiTatu
Nimekuelewa fundi, asante sana. Ila nikitia barafu badala ya maji je? Muuzaji ana video, barafu imejaa na moshi wa baridi unatoka.

FundiBaridi
Ule "moshi" ni maji yaliyorushwa kwa mtetemo, hata yangekuwa ya vuguvugu ungeuona.

Barafu tuipigie hesabu. Nusu kilo ikiyeyuka kwa saa mbili inafyonza wastani wa wati 23. Mwili wako ukiwa umekaa tu unatoa karibu wati 100. Yaani hiyo barafu haitoshi hata kukupoza wewe mwenyewe, na bado hatujataja bati. Jua la saa sita linamwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paa lako ni mita tatu za mraba. Bati la kutu linameza sehemu kubwa ya hizo wati 3,000 halafu linakumulikia kichwani. Ndiyo maana feni yako inapuliza moto, haina hewa nyingine ya kupuliza. Na Dar mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini kabisa, halafu linarudi tena hapo karibu Oktoba 10.

Kwa hiyo mgonjwa wako ni paa. Hizo 48,000 zipeleke huko.

Binti_Zahanati
Naongeza kidogo kwa wanaotumia. Msiache maji yakae ndani ya hivyo viboksi. Mbu wa denge anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotulia, na kutoka yai hadi mbu mzima ni kama wiki moja hadi siku kumi. Dar tumeona denge mwaka 2014 na 2019. Mwaga kila jioni, sugua sponji, anika.

KakaMpemba
Vipi kile kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba la kutoa hewa ya moto? Hicho kina kompresa ya kweli.

FundiBaridi
Kinapooza, sibishi. Ila piga hesabu, kaka: wati 1,000 kwa saa nane ni uniti nane, kwa shilingi 356 uniti moja ni kama 2,850 kwa siku. Kamisheni ya wakala inajulikana. Na mwenye duka la nyuma atakata waya siku ya tatu. Feni ya wati 50 kwa saa kumi ni nusu uniti, haifiki shilingi 200.

WakalaRangiTatu
Hilo la kukatwa waya umenisoma. Basi niambie nianze na nini kwenye paa.

FundiBaridi
Anza na kivuli. Inua turubai au bati la pili juu ya hilo lililopo, uache nafasi ya shubiri moja au zaidi hewa ipite katikati. Hili pekee utalisikia siku hiyo hiyo. Makuti ni mazuri kuliko turubai, ila uliza kwanza kama serikali ya mtaa wanaruhusu hapo barabarani, na moto nao uufikirie.

Ukikosa kabisa, sugua kutu, paka rangi nyeupe ya mabati. Kisha mwambie fundi welda akukatie matundu mawili yenye wavu na nondo: moja chini upande wa kivulini, jingine juu kabisa upande wa pili. Hewa ya moto itatoka juu yenyewe. Feni iweke kwenye lile la chini, ivute ya nje.

Ndani unaweza kupigilia plaiwudi chini ya bati. Zile foamu nyeupe za kwenye maboksi ya tivii usizibandike wazi, zinashika moto haraka na wewe una waya kila kona.

MamaMapazia
Tundu la chini alikate mbali na droo ya hela jamani. Mkono wa kibaka unaingia hata pa paka.

WakalaRangiTatu
Hahaha, nitamwonyesha welda droo ilipo. Mama, hicho kiboksi chako unauza? Mdogo wangu anahamia Singida.

MamaMapazia
Njoo na 15,000. Nyuzi naziondoa.